Seli za Goti la Dada

Sampuli ya kumi na saba ilikuwa goti la dada yangu. Mwongozo wa utafiti ulitukataza kuandika majina kwenye vichupa, kwa hiyo mtu yeyote aliyefungua jokofu letu pale Sumbawanga aliona namba, tarehe na neno "kulia". Lebo ile niliiandika mimi kwa kalamu isiyofutika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kwa sababu dada huyo huyo alinichapa vidole kwa rula ya mbao mpaka nikajua kuandika.

Alinizidi miaka kumi na minne. Mama alipofariki mimi nilikuwa sijaanza shule, na baba alishatangulia, kwa hiyo dada akanichukua nyumbani kwake Kasense, ambako alikuwa na cherehani barazani. Alishona sare za shule na nguo za kwaya, na kwa sare hizo nilisoma mpaka chuo. Hakuwa mtu wa huruma. Nilipopata alama mbaya za hesabu kidato cha pili, alinivua sketi ya shule mbele ya wateja, akafumua pindo lote na mishono ya pembeni kwa wembe, akanirudishia pamoja na sindano na uzi. Kesho yake nilikwenda shule na sketi niliyoishona kwa mkono, imepinda kama mdomo wa mtu anayelia. Kulikuwa pia na mfanyabiashara mmoja wa Chala aliyetaka kumuoa, lakini hakutaka mtoto wa kufuatana naye. Dada alimkataa. Hilo nalo alinikumbusha kila alipokasirika, kwa Kifipa, taratibu, bila kupandisha sauti, ili nisikie kila neno.

Nasema haya mapema ili mtu asidhani nilikuwa nampenda kwa namna nyepesi. Nilimpenda, na nilimwogopa, na kuna sehemu ndani yangu iliyokuwa ikisubiri siku atakapokuwa chini yangu.

Siku hiyo ilifika kipupwe, mwaka niliporudi kutoka chuo na kupata kazi kwenye mradi. Mradi wenyewe ulikuwa chumba kimoja cha maabara nyuma ya wodi, na kabati la joto la kukuzia seli, darubini mbili, tungi la nitrojeni ya kugandishia seli, na jenereta. Tulichunguza baridi yabisi. Kiongozi wa mradi, daktari mwenye sauti ya upole aliyetoka Dar es Salaam, alinieleza siku ya kwanza kwamba ndani ya kiungo kuna utando mwembamba, na seli za utando huo kazi yake ni kutengeneza ute wa kulainisha mifupa isisuguane. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi seli hizo hizo zinageuka. Zinaongezeka, zinaacha mahali pake, zinatambaa juu ya gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa, na kuanza kuila. Tulitaka kujua nini kinazigeuza.

Jumamosi moja nilikwenda Kasense kumsalimia dada. Nilimkuta amekaa mbele ya cherehani na jua limeshapanda, hajashona hata mshono mmoja. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungio ya katikati, vyote kwa pamoja, mkono wa kulia kama wa kushoto. Aliniambia ni upepo wa mwezi wa sita tu, kwamba mikono ilikuwa inachelewa kuamka. Alishachomwa sindano za maumivu kwenye duka la dawa, na bibi mmoja alishamchanja chale magotini na kumpaka unga mweusi. Nikamshika goti. Lilikuwa la moto na limejaa maji.

Nilijua papo hapo. Na jambo la kwanza nililohisi lilikuwa furaha. Mradi ulikuwa unakosa wagonjwa, kwa sababu karibu wote waliotufikia walikuwa wameshaanza dawa hospitali nyingine, na daktari alikuwa analalamika kila asubuhi kwamba anataka goti ambalo dawa haijaligusa. Sasa nilikuwa nimelishika mkononi.

Jumatatu nilimpeleka. Nilimsomea fomu ya ridhaa mimi mwenyewe, akaisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa, akauliza swali moja: kama atapata dawa. Nikamwambia ndiyo. Mwongozo ulisema hivi: sampuli moja, wiki sita za kusubiri, sampuli ya pili, kisha dawa siku hiyo hiyo. Vidonge vilikuwepo, kwenye kabati lenye kufuli ambalo ufunguo wake niliutunza mimi. Alishindwa kushika kalamu vizuri, akaweka dole gumba.

Daktari alimchoma kwa sindano nene iliyochukua maji na vipande vidogo vya utando. Mimi nilimshika mguu.  Dada alitazama ukutani, na aliposhuka kitandani akaniuliza kama nimekula.

Seli zake nilizipanda kwenye chupa bapa zenye maji ya lishe ya rangi ya waridi. Wiki ya tatu rafiki yangu alikuwa na harusi Chala, na basi lilikuwa linakaribia kuondoka. Nilibadilisha lishe kwa haraka bila kuwasha feni ya kabati la usalama, ile inayozuia hewa chafu isiingie kwenye chupa. Niliporudi kulikuwa na kitu cheupe kimeelea ndani ya kila chupa, laini kama pamba. Ukungu. Seli zote za goti la dada zilikuwa zimekufa.

Sikumwambia daktari nilichofanya. Nilimwambia seli zilikuwa dhaifu, hazikushika kwenye chupa. Alikunja uso, akasema basi tuanze upya, tuhesabu wiki sita kuanzia sampuli mpya. Nikamuuliza kama hatuwezi kumwacha huyu aanze dawa, tukatafuta mwingine.

"Tukimpa dawa sasa, seli zake zitatulia," alisema. "Sisi tunazitaka zikiwa na hasira."

Kisha akaongeza kwamba mimi ndiye ninayejua kuzungumza naye. Hakuniambia nidanganye. Nimeirudia kauli yake mara nyingi kichwani nikitafuta mahali aliponiamuru, na hapapo.

Nilikwenda Kasense nikamwambia dada kwamba dawa haijafika kutoka Dar. Aliniangalia. Alikuwa anamenya viazi kwa kisu alichokishika kwa viganja viwili, kama mtoto anavyoshika.

"Basi nitasubiri," alisema. "Wewe ndiye msomi."

Alisubiri. Sampuli iliyofuata tuliichukua mwezi wa nane, na safari hii niliilinda kama yai. Seli zilishika siku ya pili. Ndani ya wiki mbili zilikuwa zimejaza chupa, ndefu na nyembamba, zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Sijawahi kuona seli zinazokua vile. Tuliweka kipande kidogo cha gegedu kwenye sahani, tukazimwaga seli karibu yake, na kila asubuhi nilipiga picha kwa darubini. Siku ya kwanza zilikaa ukingoni. Siku ya nne zilikuwa zimeingia. Baada ya siku tisa, ule ukingo uliokuwa umenyooka ulikuwa umechimbika mashimo mashimo.

Daktari alivuta kiti akakaa muda mrefu kwenye darubini. Alisema seli hizi zina njaa, na alisema kwa furaha, kama mtu anayemsifu mtoto anayemaliza sahani. Alizituma picha kwa wenzake. Aliniambia jina langu litakuwemo kwenye andiko la utafiti. Nilikwenda nyumbani natembea kwa madaha.

Wiki sita zilipoisha tulichukua sampuli nyingine. Hapo ndipo dawa ilipaswa kutoka. Lakini daktari alitaka moja zaidi, baada ya mvua kuanza, ili alinganishe. Alisema goti kama hili halipatikani mara mbili. Na mimi nikapanda tena baiskeli kwenda Kasense kusema kwamba dawa imekwama njiani.  Uongo wa kwanza uliniuma, wa pili niliusema huku nakunywa chai.

Mwezi wa kumi na mbili ndio msimu wa sare. Wazazi walikuwa wanaleta vitambaa vya bluu na vyeupe tangu asubuhi, na dada aliwapokea wote, kwa sababu hakuwahi kumrudisha mteja maishani. Alifunga vitambaa kwenye mishikio ya mkasi ili vidole vipate mahali pa kushika. Jumamosi moja nilikuwepo wakati mkasi ulipoteleza, ukakata kitambaa cha watoto pacha katikati ya kifua. Mama yao alikuja mchana. Alisema maneno mengi pale barazani, kwamba mtu akizeeka aache kazi za watu, na dada, ambaye hakuwa mzee, ambaye alikuwa na miaka arobaini na miwili, alikaa mikono ikiwa mapajani, vidole vyote vimeelekea upande mmoja kama vimesukumwa. Wateja wengine waliokuwa wamekaa kwenye benchi waliinuka mmoja mmoja, wakachukua vitambaa vyao.

Ufunguo wa kabati la dawa ulikuwa kwenye mkoba wangu. Mkoba ulikuwa begani. Nilimsaidia kuokota vipande, nikamuaga, nikarudi mjini.

Sampuli ya mwisho ilichukuliwa mwezi wa kwanza. Goti lilikuwa limejaa makovu ndani, sindano ikagoma, daktari akaisukuma mara tatu. Hapo dada alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mama. Alilia mdomo umefungwa, machozi yakishukia masikioni, nami nilikuwa nimemshika mguu kwa nguvu zangu zote asije akautikisa, kwa sababu nilikuwa naifikiria sampuli.

Alipaswa kupewa dawa siku hiyo. Daktari alikuwa ameondoka haraka kwenda kikaoni bila kusaini karatasi ya kutolea dawa, nikamwambia dada arudi wiki ijayo. Ningeweza kumfuata daktari kwa mguu. Kikao kilikuwa jengo la pili.

Wiki iliyofuata alikuja peke yake, mapema kuliko nilivyomtarajia, akakaa kwenye benchi la nje. Pembeni yake alikuwepo mzee mmoja mfugaji, Msukuma aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake. Walikuwa wanafahamiana, kwa sababu aliingia mradi wiki moja na dada na sampuli zake zilikwenda vizuri tangu mwanzo. Dada alimkuta anatembea bila fimbo. Alimuuliza amepata wapi nafuu. Mzee akamwambia ni vidonge vya hapa hapa, anavimeza kila wiki tangu mwezi wa nane, vinatoka dirishani kwa yule binti wa maabara.

Haya nilisimuliwa baadaye na mzee mwenyewe. Nilichoona mimi ni mlango kufunguliwa na dada kuingia maabara, mahali ambapo wagonjwa hawaingii, na viatu vyake vya matope.

"Dawa ilikuwepo?" aliuliza.

Nilikuwa na koti jeupe na glovu mkononi. Ningeweza kusema chochote. "Ilikuwepo, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja mara ya kwanza."

Hakupiga kelele. Alitazama chumba kizima, mashine moja baada ya nyingine, akaniuliza vitu vyake viko wapi. Sikuelewa. Akasema vile mlivyonitoa gotini, viko wapi. Nikafungua kabati la joto, nikatoa chupa moja, nikaiweka kwenye darubini, nikamrekebishia lenzi ya kutazamia. Aliinama kwa shida akiegemea meza kwa viwiko. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ni nyingi," alisema.

"Ndiyo."

"Na zina afya."

Nikamwambia ndiyo, zina afya sana. Sijui kwa nini niliongeza lile neno sana. Nadhani hata saa ile bado nilikuwa najivunia.

Akanyanyuka akaniambia niziue. Nikaanza kumweleza habari za andiko, na wagonjwa wa baadaye. Akanikatiza, akasema ile fomu nilimsomea mimi, na ndani yake kulikuwa na mahali panaposema mtu anaweza kujitoa siku yoyote na vitu vyake vikaharibiwa. Ni kweli palikuwepo. Niliposoma sikudhani alikuwa anasikiliza.

Nilimwita daktari. Alikuja, akazungumza naye kwa ile sauti ya upole, akamwita mama, akamwomba afikirie. Dada alimjibu kwamba amefikiria miezi saba. Daktari akasaini, akanigeukia akaniambia kwa chini kwamba nijue ninachokwenda kumwaga, kisha akatoka na hakunisalimia tena mpaka nilipoondoka pale.

Nilitoa chupa zote kumi na mbili. Nikazipanga kwenye meza, nikachukua klorini, nikaanza kuimimina ndani ya kila moja. Maji ya waridi yaligeuka manjano, kisha yakakosa rangi. Dada alitaka kuona moja kwenye darubini. Nikamwekea. Seli zilikuwa zinajikunja, zinaachia sakafu ya chupa na kuelea.

"Zinaumia?" aliuliza.

"Hapana. Hazina hisia."

"Afadhali zao."

Alingoja mpaka ya mwisho. Kisha akauliza kama zimekwisha. Hapo tu, katika mambo yote yale, ndipo nilipomwambia ukweli zaidi ya ule alioniuliza: kwamba nyingine ziligandishwa, zikapelekwa Dar es Salaam mwezi wa kumi kwenye tungi, na kwamba daktari ataandika barua lakini sina uhakika kama kuna mtu atazitafuta. Akaitikia kwa kichwa. Nikafungua kabati la dawa, nikampa vidonge, nikamweleza namna ya kumeza. Alivipokea kwa viganja viwili. Ilikuwa asubuhi, kulikuwa na watu wengi uani, na alipita katikati yao akichechemea bila kuniaga.

Niliandika barua kwa kamati ya maadili, nikaeleza ukungu, uongo, na kufuli. Waliniita mara mbili. Daktari naye aliitwa, akasema hakuwahi kuniagiza nidanganye mtu yeyote, na mimi niliyekaa kiti cha pili nilithibitisha kwamba ni kweli. Kazi niliipoteza. Sasa nasoma slaidi za malaria kwenye kituo cha afya cha vijijini, na huko naangalia seli za watu nisiowajua, dakika chache, kisha naziosha.

Dawa ilimsaidia. Uvimbe ulishuka, goti likapoa, usingizi ukarudi. Kama angeanza mwezi wa sita, vidole vyake pengine vingekuwa vinashona leo. Havikunyooka. Kilicholiwa hakioti tena, hilo nilijifunza darasani na nilijua wakati wote. Cherehani aliigawa kwa mwanamke wa jirani, akakataa kuiona ikibebwa.

Nakwenda kwake kila Jumapili. Namfulia, namchota maji, namkata kucha, kwa sababu yeye hawezi kushika wembe. Nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba na kugeukia pembeni. Haniiti mdogo wangu. Ananiita mtaalamu. "Mtaalamu, sogeza ndoo." "Mtaalamu, maji ni ya moto." Mwanzoni nilidhani itapita. Mara moja nilimwomba msamaha, nikapiga magoti kabisa kwenye sakafu ya jikoni. Akaniambia niinuke nisichafue nguo, kwamba yeye hawezi kunishonea nyingine.

Wageni wanapokuja baada ya ibada, wanawake wa jumuiya, wachuuzi wa samaki wanaopanda kutoka Ziwa Tanganyika, yeyote yule, anasubiri mpaka wameketi. Kisha ananyoosha mkono wake kuelekea kwangu, ule mkono mzima, kwa kuwa kidole kimoja hakiwezi kunyooka peke yake.

"Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja," anawaambia. "Nilimsomesha. Ndiye aliyenifanya hivi."

Anasema kwa Kifipa, na kama kuna mtu asiyejua Kifipa anarudia kwa Kiswahili. Wageni hunitazama, halafu hutazama chini. Mimi nawamiminia chai, nawauliza wanaweka sukari vijiko vingapi.